Mashine ya michezo ya video ya miaka ya 1980 inavyoweza kuundwa Bujumbura

Mkazi wa Bujumbura anayetamani kumiliki mashine ya michezo ya video ya aina iliyojaza kumbi za burudani katika miaka ya 1980 hataipata kwa urahisi kwa kuiagiza ng'ambo. Fedha za kigeni ni adimu nchini Burundi, na nchi yenyewe haina bandari ya bahari. Hata hivyo, mashine hiyo ikivuliwa rangi na taa zake, kinachobaki ni kabati la mbao, skrini, kompyuta, vitufe na waya. Vingi kati ya hivyo vimo mjini humo, vikiwa vimekwisha kuhesabiwa kuwa taka.

Hapo zamani kila mchezo ulikuwa na bodi yake ya kielektroniki. Ndivyo ilivyokuwa kwa Space Invaders, uliobuniwa na Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito ya Japani mwaka 1978, na kwa Pac-Man wa Toru Iwatani wa kampuni ya Namco, mwaka 1980. Mwaka 1997, Mwitaliano Nicola Salmoria alitoa programu iitwayo MAME, ambayo huifanya kompyuta ya kawaida iige kazi ya bodi hizo. Kwa michezo ya zama hizo, kompyuta ya ofisi iliyokwisha kustaafishwa inatosha.

Kazi ngumu zaidi kwa anayeanza ni vitufe. Bodi maalumu ya kuviunganisha na kompyuta huuzwa nje, lakini kibodi kuukuu inaweza kushika nafasi yake. Ndani ya kibodi mna bodi ndogo, na kila kibonye kinapobanwa huunganisha njia mbili tu za umeme zinazoishia kwenye bodi hiyo. Fundi huzifuata njia hizo kwa mita ya umeme, kisha huunga waya mbili kutoka hapo hadi kwenye swichi ya kitufe kipya. Katika baadhi ya kibodi, ncha za njia zimepakwa kaboni, nayo haishiki risasi ya kulehemu. Sharti ikwanguliwe taratibu.

Kuna mtego mmoja. Vibonye vitatu vikibanwa kwa pamoja, kibodi nyingi za bei nafuu hukosea na kudhani kwamba cha nne nacho kimebanwa, au hukipuuza kimojawapo. MAME hutumia Ctrl, Alt na Shift za kushoto kuwa vitufe vya mchezaji wa kwanza, na kwa kawaida hivyo havigongani. Ni busara kuvifuata kuliko kujichagulia herufi. Busara zaidi ni kuanza na mchezo kama Pac-Man, ambao hauhitaji kitufe cha kufyatulia, ila jostiki moja yenye swichi nne.

Kabati lije mwisho, ingawa wengi huvutiwa kulianza. Kwanza vifaa vyote viwekwe juu ya meza, vijaribiwe hadi vifanye kazi, ndipo mbao zikatwe kwa vipimo vyake. Buyenzi, mtaa wa Waswahili na mafundi, haukosi mkono wa kusaidia kukata na kuchomelea. Mbao za MDF ni laini kukata, lakini hufura zikinyonya maji. Karibu na Ziwa Tanganyika, hasa msimu wa mvua, afadhali playwudi iliyopakwa vanishi pande zote, hata kingo zake. Nyuma yaachwe matundu ya kupitisha hewa.

Adui mkubwa ni umeme unaokatika ghafla. Kompyuta inayozimika ikiwa katikati ya kuandika huweza kuharibu mafaili yake, hivyo betri ya akiba inayoipa dakika chache za kuzimwa vizuri inastahili fedha kabla ya taa za mapambo. Nakala ya mafaili iwekwe pia mahali pengine.

Skrini ni suala la uhai. Televisheni za kioo kinene hutoa picha yenye sura halisi ya zamani, lakini ndani yake mna umeme unaoweza kuzidi volti 20,000, na sehemu yake hubaki hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Anayeanza asiifungue kamwe. Skrini bapa ya kompyuta, yenye kasoro ya kupendeza kidogo tu, humtosha.

Linabaki swali la haki miliki. MAME ni programu huria, lakini mafaili ya michezo yenyewe ni mali ya kampuni. Pac-Man hadi leo ni mali ya Bandai Namco. Ipo michache, kama Robby Roto wa mwaka 1981, ambayo wenye haki wameruhusu itumike bure pasipo biashara. Ruhusa hiyo haimhusu anayepanga kuiweka mashine kibarazani na kuwatoza watoto wa mtaa sarafu.