Je, Wajua? Kutoka Kariokor Hadi Maringo kwa Miguu

Je, wajua kwamba historia ya ukoloni Nairobi unaweza kuitembelea mwenyewe, bila tiketi wala wa kukuongoza? Anzia Kariokor. Wengi hufuata nyama choma, viondo na viatu vya ngozi, lakini jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Makumi ya maelfu hawakurudi, na wengi wao waliuawa na maradhi, si risasi.

Pitia Gikomba hadi Pumwani, mtaa ambao serikali ya kikoloni iliwatengea Waafrika takriban miaka 100 iliyopita. Kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakaazi wake wengi walihamishiwa Shauri Moyo, hapo jirani.

Sasa vuka Jogoo Road uingie Kaloleni, na hapa usiwe na haraka. Nyumba ni za mawe, mapaa ya vigae vyekundu, zimelizunguka jumba la mikutano lililo katikati. Zilijengwa miaka ya 1940, na wafungwa wa vita wa Kiitaliano walikuwa miongoni mwa wajenzi. Mkoloni alitaka mtaa wa wafanyakazi watulivu. Katika jumba hilohilo, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alisimama mbele ya umati akadai Afrika Mashariki ipewe uhuru mara moja. Majuma matatu baadaye alikamatwa pamoja na Fred Kubai, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Singh hakuachiliwa hadi 1961. Kila mtoto wa Eastlands anastahili kufundishwa jina lake.

Ukifuata Jogoo Road kuelekea mashariki utafika Mbotela na Ofafa Maringo. Tom Mbotela na diwani Ambrose Ofafa waliuawa wakati wa vita vya Mau Mau, mmoja 1952, mwingine 1953, na serikali ya kikoloni ikawaenzi kwa mitaa. Barabara yenyewe ilikuwa Doonholm Road. Uhuru ulipopatikana ikapewa jina la jogoo, nembo ya KANU.

Nenda mapema, maana mitaa hii ya zamani imo katika mipango ya kubomolewa na kujengwa upya. Na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha, kwani hayo ni makaazi ya watu.