Siwindhe na Mwanzo wa Ulimwengu

Miongoni mwa Wajaluo wakaao kusini mwa Ghuba ya Winam, katika nchi ambayo leo imegawanywa kuwa kaunti za Homa Bay na Migori, kazi ya kumweleza mtoto jinsi ulimwengu ulivyoanza haikuwa ya kuhani wala ya mganga, bali ilikuwa amana ya bibi kizee, na mahali pa kuitimiza palikuwa nyumbani mwake, usiku, baada ya ugali wa mtama kuliwa na vyombo kuondolewa. Nyumba hiyo iliitwa siwindhe, na bibi mwenyewe pim. Humo walilala wasichana wa boma hata siku za kuolewa kwao, na pamoja nao wavulana wadogo ambao hawajafikia umri wa kuhamia simba, yaani nyumba ya vijana wa kiume. Wazee walikuwa na duol yao, ambako nasaba, vita na mipaka ya mashamba vilizungumzwa mbele ya moto. Lakini maswali ya mwanzo kabisa, ya kwa nini tunakufa na kwa nini tunatoka jasho, yalijibiwa siwindhe.

Hekaya, ambazo wenyewe huziita sigana, hazikusimuliwa mchana. Mtoto aliyeomba kisa jua likiwa juu aliambiwa kwamba atadumaa, na katazo hilo lilikuwa na busara yake, kwa kuwa mchana ulikuwa wa kulisha mbuzi, kuteka maji na kupalilia. Msimulizi alipomaliza alitamka "thu tinda", kisha akajiombea akue awe mrefu kama mti ulioko kwa mjomba wake. Na watoto, ambao ndio hasa waliohitaji kukua, walishika zamu wakasimulia na kujiombea vivyo hivyo. Kwa njia hiyo kila msikilizaji alifanywa kuwa msimulizi wa kesho.

Mintarafu ya Muumba, hapakuwa na somo lililotengwa kumthibitisha. Majina yake, Nyasaye, Were, Nyakalaga aeneaye kila mahali, na Jachwech aliyeumba, yalikuwa vinywani mwa watu wazima kutwa kucha, na mtoto aliyeamka mapema alimwona babu yake amesimama mlangoni, ameelekea mashariki, akilitemea jua mate kidogo kwa taadhima na kuliomba limchomozee kwa heri. Okot p'Bitek, mwandishi wa Kiacholi kutoka kaskazini ya Uganda, ambako wako ndugu wa Wajaluo kwa asili na lugha, ameeleza jinsi mapadri wa Kiitalia walivyowauliza wazee wa huko mwaka 1911 ni nani aliyewaumba, na wazee wakastaajabu, kwani kwa fahamu zao mtu huzaliwa na mama yake. Mimi siioni ajabu hiyo kuwa upungufu wa akili wala wa dini. Ni dalili ya watu waliokuwa wakiuliza swali jingine: tukiisha kuwapo hapa duniani, yatupasa tuishi vipi?

Zitazameni hekaya zenyewe. Husimuliwa kwamba hapo mwanzo jembe lilikuwa likilima lenyewe. Mtu mmoja aitwaye Apodho alilichukua begani hata shambani, akaliweka chini, nalo likafanya kazi bila ya mkono wa mtu, kwa sharti kwamba asijaribu yeyote kulima nalo kwa nguvu zake. Mkewe akalivunja sharti hilo, akalishika jembe akalima, na tangu siku ile likakataa kusogea isipokuwa kwa jasho. Wapo watakaosema kwamba hapa tena lawama imetwikwa mwanamke, kama ilivyotwikwa Hawa, na neno lao si la kupuuzwa. Lakini yafaa tukumbuke ni nani aliyekuwa akisimulia: mwanamke ambaye viganja vyake vimeota sugu kwa kulima, akizungumza na wasichana ambao baada ya miaka michache watalishika jembe hilo hilo katika boma la wakwe, na kuwaambia kwamba kazi yao ina asili ya kale kama dunia.

Kisa cha mauti ni kifupi zaidi na kizito zaidi. Watu waliahidiwa kwamba kifo kitaondolewa iwapo watapeleka juu mafuta meupe ya mbuzi, safi, yasiyo na doa. Kinyonga akapewa dhamana ya kuyabeba, na njiani yakachafuka, sadaka ikakataliwa, nasi tukabaki kuwa watu wa kufa.

Kisha kuna kisa ambacho mtoto wa eneo la Karachuonyo anaweza kukiendea kwa miguu. Karibu na mji wa Kendu Bay liko ziwa la Simbi Nyaima, la duara, maji yake ya magadi, ambamo samaki wa kawaida haishi na ndege aina ya heroe hushuka kwa makundi. Wataalamu wa ardhi husema kwamba ni shimo la volkeno, na wasema kweli. Pim alisema kwamba palikuwa na kijiji, na usiku mmoja watu wakiwa katika pombe na ngoma akaja bibi kizee mgeni, amechoka, amelowa, akiomba hifadhi; wakamfukuza mlango kwa mlango, isipokuwa mwanamke mmoja aliyemkaribisha akampa chakula na mahali pa kuota moto. Mgeni akamwonya aondoke na jamaa zake upesi, na walipokwisha kwenda mvua ikashuka, ardhi ikadidimia, na kijiji chote kikazama pamoja na ngoma zake. Mtoto aliyelelewa kwa kisa hiki hakuhitaji kuamriwa amfungulie mgeni mlango, maana alikwisha kuona kwa macho yake maji yaliyobaki mahali pa wale waliokataa.

Mwaka 1906 Waadventista wa Sabato walifika Gendia, jirani na ziwa hilo, wakaleta masimulizi ya siku sita za uumbaji na siku ya saba ya kupumzika, na hata leo Jumamosi katika sehemu nyingi za Homa Bay mashamba hunyamaza. Waislamu wa Kendu Bay wakawafundisha wana wao habari za Adamu aliyeumbwa kwa udongo. Sayansi nayo ikaja kuchimba: mwaka 1948 Mary Leakey aliokota kisiwani Rusinga fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba huko Nyayanga, katika rasi ya Homa, zimepatikana zana za mawe zenye umri wa miaka milioni 2.6 au zaidi, pamoja na mifupa ya viboko iliyokatwa kwa mawe hayo. Ni nchi chache mno duniani ambazo mtoto akiuliza mwanzo wake anaweza kujibiwa kwa udongo ulio chini ya miguu yake.

Sidhani kwamba masimulizi haya yapasa kupigana. Paul Mboya, mwana wa Karachuonyo aliyesomeshwa na misheni ya Waadventista na baadaye akawa chifu, ndiye aliyeandika mwaka 1938 kitabu cha Kijaluo cha mila za watu wake, Luo Kitgi gi Timbegi, na imani yake haikumzuia kuhifadhi ya wazee. Hatari iko kwingine. Siwindhe imekwisha, shule za bweni zimewachukua wasichana, na mtoto aliye nyumbani hulala akitazama simu. Mwalimu humpa tarehe, mhubiri humpa aya, wala hapana mtu aliyeketi naye gizani hata amwulize swali la pili na la tatu.

Kwa hiyo nawasihi wazazi wa Migori na Homa Bay, na wale waliohamia Nairobi na Mombasa: shule zikifungwa mwezi wa Agosti au Desemba, wapelekeni watoto kwa nyanya zao wakae siku za kutosha, na simu zikusanywe jua likizama. Na wewe uliyejaliwa kalamu, keti na nyanya hao uyaandike wayasemayo, kwa Kijaluo kwanza, wangali hai.