Ua Unapopanda Ghorofani: Uhakiki wa Usanifu wa Nyumba za Makazi Zinazopendekezwa, kwa Kurejelea Michenzani, Zanzibar

Makala haya yanafafanua namna michoro ya mradi wa nyumba za makazi inavyopaswa kuhakikiwa kabla ya kibali cha ujenzi kutolewa. Hoja yake ni kwamba uhakiki uanzie kwenye kazi za ua, yaani kupika, kufua, kuanika na kuhifadhi maji, wala si kwenye sura ya mbele ya jengo. Mazoea ni kinyume chake: mhakiki hupokewa na picha za kompyuta zenye miti iliyokwisha kukomaa na watu wasiobeba chochote, akavutiwa nazo kabla hajafunua ramani ya sakafu.

Michenzani ni mfano bayana. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Zanzibar chini ya Rais Abeid Amani Karume, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ilikusudia kuijenga upya Ng'ambo. Nyumba za zamani zilibomolewa, na mahali pake yakasimamishwa majengo marefu ya zege yanayofuata barabara mbili zinazokatana kama msalaba. Nia ya kuwapa wananchi makazi bora haibishaniwi hapa. Kilichopotea ndicho kigumu kukiona mchoroni. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na baraza mbele, ukumbi katikati wenye vyumba pande mbili, na ua nyuma penye jiko, choo na kamba za nguo. Mgeni aliishia barazani. Moshi uliishia uani. Ghorofani kazi hizo hazitoweki, bali hujitafutia mahali pengine: kwenye roshani, kwenye ngazi, au chini ya dirisha la jirani.

Kwa hiyo mhakiki na achore mwenyewe, kwa kipimo kilekile cha ramani, jiko la mkaa, kigoda, beseni la kufulia na kamba. Roshani yenye kina cha mita 0.9 humtosha mtu aliyesimama. Haimtoshi mpishi aliyeketi mbele ya jiko huku mlango ukifungukia nje. Huenda ikajibiwa kwamba wakazi watapikia gesi. Jibu hilo halitoshelezi, kwani kaya nyingi huwa na vyote viwili, na maharage aghalabu hubandikwa kwenye mkaa.

Suala la pili ni jua. Zanzibar ipo takribani nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Jua la asubuhi na la jioni huzipiga kuta za mashariki na magharibi likiwa chini, kiasi kwamba kinga ya zege juu ya dirisha haifui dafu. Hapa umbo la msalaba lina mtego wake: mkono mmoja ukielekezwa ili ukwepe jua hilo, mkono unaoukata kwa pembe mraba hupigwa ubavu mzima. Msanifu anayependekeza safu mbili zinazokatana aulizwe ni ipi aliyoamua kuitoa kafara. Aidha, nyumba yenye madirisha upande mmoja tu haipitishi kaskazi wala kusi, hata ramani iandikwe mishale ya upepo mingi kiasi gani.

Maji ndiyo yanayosahaulika zaidi. Kwa kila mita 10 za kupanda, maji hupoteza takribani baa 1 ya mgandamizo. Sakafu zikipishana kwa mita 3, ghorofa ya tatu ipo mita 9 juu ya ardhi. Karibu baa nzima imekwisha kutumika kabla bomba halijafunguliwa. Kaya ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 20 tu kwa siku, inahitaji lita 120, yaani ndoo sita za lita 20. Pampu ikizimika, ndoo hizo hupandishwa ngazini kila siku, na mchukuzi aghalabu ni mwanamke au mtoto. Mchoro wa mkato, yaani ule unaolipasua jengo kutoka paa hadi msingi, usipoonyesha tangi la akiba, nguzo zinazobeba uzito wake, na ngazi ambayo watu wawili wenye ndoo wanaweza kupishana, urudishwe kwa msanifu kabla rangi ya kuta haijajadiliwa.