Sababu ya umeme kukawia kurejea baada ya mafuriko Nakuru

MAJI ya mafuriko yanapopungua, wakazi huulizia kwanza chakula na mahali pa kulala, kisha umeme. Giza likiendelea kwa siku kadhaa, lawama huwaangukia mafundi wanaoonekana wakizunguka na ngazi bila kuwasha chochote. Hata hivyo, kazi hiyo ina utaratibu ambao ukikiukwa huua.

Kaunti ya Nakuru imepitia hayo zaidi ya mara moja. Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la Patel lilipasuka huko Solai na kuua watu wasiopungua 47, huku maji yakisomba nyumba na nyaya za umeme. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa na tuta la reli yalibomoa njia karibu na Mai Mahiu na kuua makumi ya watu, wengi wao katika kijiji cha Kamuchiri. Mtaani Kihoto, Naivasha, hapakuwa na kishindo: mwaka 2020 ziwa lilipanda polepole hadi likaingia katika nyumba zilizokuwa na umeme.

Nyaya zinazopita juu ya vijiji hubeba volti 11,000 au 33,000 kabla ya transfoma kuzipunguza hadi 240 za matumizi ya nyumbani. Waya ulioanguka huweza kulala kimya, bila cheche wala mlio, na bado uwe na umeme. Ukiangukia changarawe au udongo mkavu, umeme unaovuja ardhini huwa mdogo mno kiasi kwamba swichi ya kituoni haitambui hitilafu, wala haijizimi. Ardhi iliyouzunguka nayo hubeba umeme, na ndiyo maana watu hushauriwa kukaa mbali na, wakijikuta karibu, kuondoka kwa hatua fupi za kuburura miguu.

Kabla ya kugusa chochote, mafundi wa Kenya Power na wanakandarasi wao hukata umeme, hufunga swichi kwa kufuli ili mwingine asiiwashe, hupima kuhakikisha kwamba waya hauna umeme, kisha huuunganisha na ardhi pande zote mbili za mahali pa kazi. Kwa nini pande zote, ilhali umeme hutoka upande mmoja? Jibu ni jenereta. Mwenye duka anayeiunganisha jenereta yake na nyaya za jengo bila swichi ya kubadilishia husukuma umeme kinyume hadi kwenye transfoma, nayo huupandisha kutoka volti 240 hadi 11,000. Fundi aliye juu ya nguzo, anayeamini kwamba laini imezimwa, huweza kuuawa na jenereta ndogo iliyo mbali naye.

Nguzo zikishasimikwa, hospitali na pampu za maji hutangulizwa. Hilo halina ubishi mkubwa.

Penye utata ni kwenye mita. Mali ya Kenya Power hukomea hapo, na nyaya za ndani ni za mwenye nyumba. Jengo jipya haliunganishwi bila hati ya mwanakandarasi aliyepewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Lakini nyumba iliyokwisha kuunganishwa, hata ikifurika hadi dirishani, huweza kupata umeme pindi laini ya kijiji inapowashwa. Hili ni pengo kubwa, kwani mwenye kupaswa kumlipa mwanakandarasi ni yule yule aliyepoteza kila kitu.

Ukaguzi wenyewe si wa kutazama tu. Soketi hufunguliwa na kusafishwa, kwa sababu tope hubaki na unyevu ndani hata ukuta unapoonekana mkavu. Nyaya hupimwa iwapo ngozi yake bado inazuia umeme, na fyuzi zilizolowa hutupwa. Kifaa kinachokata umeme unapovuja kiasi cha miliampia 30 huokoa maisha, ingawa nyumba nyingi za kale hazina.

Asiyeweza kumudu fundi kwa sasa anashauriwa aache swichi kuu ikiwa imezimwa kabla umeme haujarejea. Ikiwa swichi hiyo imelowa, au ili kuifikia lazima akanyage maji, asiiguse. Aombe Kenya Power wamkatie umeme kwenye nguzo.