Kompyuta Inapoikana Diski Yake

Katika nyumba nyingi za mijini siku hizi, kumbukumbu za familia hazikai tena katika albamu iliyofungiwa kabatini. Picha za harusi, nakala za vyeti vya watoto, hesabu za duka, orodha ya michango ya chama cha akiba na mikopo, hata tasnifu ya kijana anayesoma chuo kikuu, vyote vimekusanywa ndani ya kisanduku kinachoenea kiganjani. Kisanduku hicho ni diski ngumu, ambayo mafundi wetu huiita "hadi diski". Siku kompyuta inapokataa kuitambua, wengi wetu hushikwa na fadhaa, na katika fadhaa hiyo mkono hufanya jambo ambalo baadaye halitenguliki.

Ndugu msomaji, makala haya yanakusudia kukuonyesha utaratibu wa kufuata siku hiyo ikikufika. Msingi wake ni mmoja, nao yafaa uushike tangu mwanzo: diski hununuliwa dukani, lakini yaliyoandikwa ndani yake hayauzwi popote. Basi kabla ya kugusa chochote, jiulize: je, yaliyomo ninayo mahali pengine? Ukiwa nayo, waweza kujaribu lolote kwa moyo mkunjufu. Ukiwa huna, linda yaliyomo kwanza. Kukitengeneza chombo kutafuata.

KUIJUA DISKI

Diski ngumu ya kwanza kuuzwa ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, na mtambo mzima ulizidi tani moja kwa uzito. Pamoja na ukubwa huo, ilihifadhi kiasi cha herufi milioni 5 tu, ambacho leo ni kama picha moja ya simu ya mkononi. Umbo limepungua mno tangu wakati huo, lakini kanuni ni ile ile. Ndani mna sahani zinazozunguka, aghalabu mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake vichwa vidogo vinavyosoma na kuandika kwa nguvu za sumaku. Vichwa hivyo haviigusi sahani. Huelea juu yake katika nafasi ambayo unywele wa binadamu waizidi unene maelfu ya mara. Ndiyo sababu chombo hiki huogopa kuanguka, na huogopa vumbi.

Iko na aina ya pili, ijulikanayo kama SSD, isiyo na kitu chochote kinachozunguka. Hiyo huenda kasi zaidi na hustahimili mtikisiko, lakini pia huweza kuzimika ghafla bila kutoa dalili yoyote.

SIKILIZA KWANZA

Kama diski yako ni ya sahani, washa kompyuta mahali penye utulivu, usogeze sikio. Mngurumo mwembamba usiobadilika ni habari njema: umeme unafika na sahani zinazunguka. Ukimya mtupu waonyesha kwamba huenda umeme haufiki. Lakini ukisikia mlio wa kugonga unaojirudia, "ta, ta, ta", au mkwaruzo wa chuma juu ya chuma, zima mara moja. Hiyo ni dalili kwamba vichwa vimeharibika, na kila dakika diski inayoendelea kuzunguka yaweza kufuta sehemu nyingine ya kumbukumbu zako. Hapo kazi yako imekwisha. Inayobaki ni ya fundi mwenye vifaa maalumu.

UMEME NA WAYA

Pasipo mlio wa hatari, anza na yaliyo rahisi. Kama ni diski ya nje, ile inayochomekwa kwa USB, jaribu tundu jingine. Kompyuta ya mezani aghalabu hutoa umeme imara zaidi katika matundu ya nyuma kuliko ya mbele. Epuka kigawanyio kinacholisha vifaa vingi kwa tundu moja, kwa sababu diski yaweza kupata umeme wa kuwasha taa yake tu, ukakosa nguvu ya kuzungusha sahani. Diski kubwa za inchi 3.5 huhitaji adapta yake yenyewe; hakikisha imechomekwa barabara. Kisha badili waya. Waya wa USB huchoka kwa kukunjwa na kuvutwa, na mara nyingi mtu huomboleza diski nzima kumbe kilichokufa ni waya. Mwisho, ijaribu diski hiyo katika kompyuta ya jirani au ya kazini. Ikitambulikana huko, ujue ugonjwa uko katika kompyuta yako.

Kama ni diski ya ndani ya kompyuta ya mezani, chomoa plagi ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha kasha kabla ya kuingiza mkono. Diski za SATA zina nyaya mbili: mwembamba wa kupitisha taarifa, wenye vipini 7, na mpana wa umeme, wenye vipini 15. Chomoa kila mmoja na kuurudisha mpaka ukae sawasawa. Ukiwa na waya wa akiba, badilisha. Na ule wa taarifa uhamishie katika tundu jingine la bodi kuu. Kwa kompyuta ya mapajani, kama hujazoea kushika bisibisi, heri umwachie fundi.

NJIA PANDA

Sasa washa kompyuta na kuingia katika bayosi, yaani programu ndogo inayoamka kabla ya Windows. Aghalabu huingiwa kwa kubonyeza kitufe cha F2 au Del mara tu mashine inapowaka. Tazama orodha ya diski. Kama diski yako ya ndani haimo kabisa, tatizo liko katika waya, umeme, tundu au diski yenyewe, na hakuna programu itakayokusaidia. Kama imo, basi chombo chaonekana, na shida yaelekea iko katika mpangilio wa Windows.

Ukiwa ndani ya Windows, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows na herufi R, andika diskmgmt.msc, kisha bonyeza Enter. Itafunguka orodha ya diski zote zilizofungwa, hata zile zisizoonekana mahali pengine. Huenda ukaikuta diski yako pale, nzima kabisa, ila haikupewa herufi ya kuitambulisha kama vile D au E. Bonyeza juu yake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uipe herufi. Tendo hilo halifuti chochote.

KITUFE CHA HATARI

Hapa ndipo wengi wanapoangamia. Wakati mwingine Windows husema kwamba diski haijaandaliwa, au hukutaka uifomati kabla ya kuitumia. Kwa diski mpya iliyotoka dukani, maneno hayo ni ya kawaida, nawe kubali. Lakini kwa diski iliyokuwa ikifanya kazi jana, kukubali ni sawa na kuchoma daftari kwa sababu miwani yako imepotea. Kompyuta haisemi kwamba diski ni tupu. Inasema haiwezi kuisoma. Huenda sehemu ndogo ya ramani yake imeharibika, labda kwa umeme kukatika ghafla. Huenda pia iliandaliwa kwa mfumo wa Linux au kompyuta ya Apple, nayo Windows haifahamu lugha hiyo. Kataa, funga dirisha, chomoa diski.

Vile vile usikimbilie programu za kukarabati kabla ya kunakili yaliyomo, kwa kuwa nazo huandika juu ya diski iliyo mgonjwa. Wala usimsikilize anayekushauri kuiweka diski katika jokofu. Unyevu utaganda ndani na kuongeza madhara. Kuifungua nyumbani ili "uone kilichokwama" ni kuikaribisha ile chembe ya vumbi tuliyokwisha kuitaja.

KWA FUNDI

Ukifika kwa fundi, mweleze ukweli wote. Mficha uchi hazai. Kama mtoto aliiangusha, sema. Kama ilimwagikiwa chai, sema. Kisha mwambie waziwazi, ikiwezekana kwa maandishi: "Nataka yaliyomo, si diski." Kwa fundi asiyeambiwa hivyo, kuifomati diski ikafanya kazi tena ni ushindi, na kwako ni msiba. Muulize kama atanakili kwanza katika diski nyingine kabla ya kutengeneza. Akisita katika jibu hilo, chukua mali yako uende kwingine.

AKIBA HAIOZI

Diski zote hufa, za bei kubwa na za bei ndogo. Kanuni inayopendekezwa na wataalamu ni nyepesi kuikariri: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na moja kati ya hizo ikae nje ya nyumba. Nakala ya kwanza iwe katika kompyuta, ya pili katika diski ya nje inayochomolewa na kuwekwa kabatini, na ya tatu iwe kwa ndugu anayekaa mtaa mwingine au katika hifadhi ya intaneti. Mwizi, moto na mafuriko havichagui chumba, na nakala mbili zilizolala juu ya meza moja huangamia pamoja.

Basi leo, ndugu msomaji, wakati diski yako ingali inanguruma vema, keti na jamaa zako mchague yale ambayo hamtaki kuyapoteza, muyanakili. Itawachukua jioni moja tu.