Anemoni waharibifu: Adui wa tangi anayeongezeka kwa kukatwa

MFUGAJI wa samaki wa maji chumvi anaweza kutumia miezi mingi na fedha nyingi kutengeneza bustani ya matumbawe ndani ya tangi la kioo sebuleni kwake, kisha akaipoteza kwa mnyama ambaye hakumnunua wala hakumwona akiingia. Mnyama huyo ni anemoni mdogo wa rangi ya kahawia, mwenye umbo kama la mnazi mchanga, anayejibanza katika ufa wa jiwe. Leo huonekana mmoja, baada ya wiki chache huwa kumi, na hatimaye hakuna jiwe lisilokuwa naye.

Wengi wanaoshindwa kumdhibiti hawashindwi kwa uvivu. Hushindwa kwa sababu njia ya kwanza inayomjia mtu akilini, yaani kumkwangua au kumng'oa, ndiyo hasa inayomzidisha. Anayetaka kumwondoa hana budi kwanza kuelewa jinsi mnyama huyu anavyoishi.

Aina mbili zinazosumbua

Anemoni ni mnyama wa ukoo mmoja na matumbawe na yavuyavu. Hana mifupa. Mwili wake ni kama mfuko wenye mdomo juu, umezungukwa na minyiri, na chini una wayo unaonata kwenye mwamba. Katika ngozi ya minyiri hiyo mna vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kila kimoja kina uzi uliojikunja ambao huchomoka na kudunga sumu pindi kiumbe kingine kinapogusa. Sumu hiyo kwa kawaida haimdhuru binadamu kwa kiasi kikubwa, lakini huunguza matumbawe jirani na kuyafanya yajikunyate, yaache kula na kufa polepole.

Waharibifu wakuu wa matangi ya nyumbani ni wa aina mbili. Wa kwanza huitwa Aiptasia, ingawa wataalamu siku hizi humweka katika jenasi ya Exaiptasia. Ana minyiri mirefu, myembamba, inayokaribia kupenya mwanga kama kioo. Akiguswa hujivuta ndani ya ufa kwa kasi ya kufumba na kufumbua. Wa pili ni mfupi na mnene, minyiri yake ina ncha zilizovimba, na rangi yake huwa ya kijani, kahawia au ya kupauka.

Huyu wa pili ana jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa. Kwa Kilatini anaitwa Anemonia manjano. Jina hilo alipewa mwaka 1900 na mtaalamu wa Sweden, Oskar Carlgren, alipochunguza anemoni waliokusanywa Afrika Mashariki na Dk. Franz Stuhlmann mwaka 1888 na 1889. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanaolalamika kila siku juu ya mnyama huyu hulitamka jina lake kwa kulikosea, wakiacha herufi moja na kumwita "majano."

Kumkata ni kumpanda

Anemoni wa Aiptasia ana njia ya kuzaa isiyohitaji dume wala jike. Anapojisogeza juu ya jiwe huacha nyuma vipande vidogo vya wayo wake. Kila kipande, hata kikiwa kidogo kuliko punje ya mchele, chaweza kuota minyiri na mdomo kikawa anemoni kamili. Manjano naye hujigawa kwa urefu, mmoja akawa wawili.

Kwa hiyo anayechukua kisu na kumkwangua humfanyia kazi yake. Mwili mkubwa huondoka, lakini mabaki ya wayo hubaki katika vitundu vya jiwe, na vipande vilivyokatika huchukuliwa na mkondo wa pampu na kutua mahali pengine. Aliyekuwa na anemoni mmoja katika kona moja hujikuta na wengi katika kona zote.

Wapo pia wanaozima taa kwa siku kadhaa wakidhani giza litamuua. Ni kweli kwamba ndani ya mwili wake anaishi mwani wa hadubini unaotumia mwanga kutengeneza sukari na kumlisha mwenyeji wake. Lakini akinyimwa mwanga hupauka tu, kisha huendelea kuishi kwa kunasa chembe za chakula zinazoelea majini. Matumbawe ya thamani yatakufa kabla yake.

Kuua mmoja mmoja

Ikiwa anemoni bado ni wachache, njia iliyo bora ni kumuua kila mmoja akiwa mzima mahali alipo. Dawa maalumu huuzwa katika maduka ya vifaa vya samaki, na nyingi zimetengenezwa kwa misingi ya chokaa. Wafugaji wengine hutumia chokaa ya kalisi iliyo safi, wakiichanganya na maji yaliyochujwa mpaka iwe uji mzito. Chokaa ya kupaka kuta au ya kutafunia tambuu isitumike, kwa kuwa huenda ina vitu vingine visivyofaa tangini.

Hatua za kufuata ni hizi. Kwanza, zima pampu zote ili maji yatulie. Pili, vuta uji huo kwa bomba la sindano, ukiwa umevaa glavu na miwani, kwani chokaa huunguza ngozi na macho. Tatu, sogeza ncha ya bomba polepole bila kumgusa anemoni, umwekee kiasi kidogo mdomoni akiwa amefunguka. Akishtuka na kujifunga mapema, sumu itabaki nje naye atapona. Nne, mfunike kwa uji uliobaki, subiri hadi atulie kabisa, kisha nyonya mabaki kwa mpira mwembamba kabla ya kuwasha pampu.

Jambo la kuzingatia ni kiasi. Maji ya tangi la matumbawe huwa na kipimo cha pH cha kama 8.1 hadi 8.4, na chokaa hukipandisha upesi. Anayewashambulia anemoni 30 kwa siku moja aweza kuua samaki wote. Afadhali kutibu wachache, kupima maji, na kurudia baada ya siku mbili au tatu. Wapo watumiao maji ya limau au siki kwa kumdunga anemoni. Njia hiyo hufanya kazi, lakini ni vigumu kuingiza sindano katika mwili unaojivuta ndani ya jiwe.

Usichemshe mawe

Lipo kosa moja lisilohusu samaki, bali uhai wa watu wa nyumbani. Mtu aliyechoka hutoa jiwe tangini na kulichemsha jikoni au kulimwagia maji ya moto. Juu ya mawe hayo hayo mara nyingi huota viumbe wengine wanaofanana na maua, waitwao zoanthidi. Baadhi yao wana sumu ya palitoksini, ambayo ni miongoni mwa sumu kali zaidi zinazotengenezwa na viumbe hai. Joto la jiko haliiharibu kwa urahisi, na mvuke huipeleka mapafuni.

Machi 2018, huko Oxfordshire nchini Uingereza, watu wa familia moja walifikishwa hospitali baada ya sumu hiyo kusambaa nyumbani wakati tangi lao likisafishwa. Jiwe lililoshindikana litolewe, liwekwe nje mbali na watoto na wanyama, likauke juani, na anayelishika avae glavu. Lisisuguliwe kwa nguvu wala kuchemshwa.

Maadui wa asili

Anemoni wakishaenea kila mahali, sindano haiwezi tena. Hapo ndipo wafugaji hutafuta wanyama wanaowala.

Anayetumiwa sana ni kamba mdogo mwenye mistari myekundu wa jenasi ya Lysmata. Hula Aiptasia wadogo usiku, ingawa si kila kamba hufanya hivyo, na akishiba chakula cha samaki huweza kuwasahau. Mnunuzi aangalie vizuri, kwa kuwa sokoni kamba huyu huchanganywa na mwingine anayefanana naye, Rhynchocinetes durbanensis, aliyepewa jina la mji wa Durban, ambaye hula matumbawe yenyewe.

Wapo pia samaki. Kitatange mwenye mdomo mrefu, Chelmon rostratus, huchokoa anemoni katika nyufa kama ndege mla wadudu. Hata hivyo ni mgumu kumfuga, na wengi hufa kwa kukataa chakula kingine. Jamaa yake, Chaetodon kleinii, aonekanaye pia katika miamba ya Afrika Mashariki, ni mstahimilivu zaidi, lakini naye huweza kugeukia matumbawe laini.

Aliye mwaminifu kuliko wote ni koa mdogo wa baharini aitwaye Berghia. Hana chakula kingine chochote ila Aiptasia. Ajabu yake ni kwamba huvila hata vile vifuko vya sumu bila kuvilipua, kisha huvihifadhi katika vijinyweleo vya mgongoni mwake viwe silaha yake. Hufanya kazi usiku, hutaga mayai, na watoto wake huendeleza kazi hiyo. Udhaifu wake ni miwili: samaki wengine humla, na anemoni wakiisha hufa kwa njaa. Kwa hiyo afadhali wawekwe kadhaa kwa pamoja, karibu na mawe yaliyoathirika, na pampu ziwekewe vichujio wasinyonywe. Isisahaulike kwamba Berghia hatamgusa manjano.

Chanzo ni chakula

Dawa na wanyama hupunguza idadi tu. Kinacholeta wingi ni chakula kinachozidi. Anemoni hustawi katika tangi ambalo samaki hulishwa kupita kiasi, mabaki huoza chini, na maji hayabadilishwi. Anayepunguza chakula, anayenyonya uchafu katika mchanga na kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara, humnyima adui huyo nguvu ya kurudi.

Mlango anamoingilia ni jiwe jipya au kikalio cha tumbawe jipya. Ni busara kukiweka chochote kinachonunuliwa katika tangi dogo la peke yake kwa wiki kadhaa, kukikagua usiku kwa tochi, na kuondoa kikalio cha zamani inapowezekana. Tumbawe linaloshuku lisiingie, hata likiwa zuri namna gani.

Gugu lenye faida

Sifa zile zile zinazomfanya Aiptasia achukiwe sebuleni ndizo zilizompa heshima maabara. Kwa kuwa huzaliana upesi, hustahimili taabu na anaweza kuishi akiwa na mwani wake au bila nao, wanasayansi humtumia kuchunguza kwa nini matumbawe hupauka bahari inapopata joto. Mpangilio mzima wa jeni zake ulichapishwa mwaka 2015. Kwa pwani yetu hilo si jambo la mbali. Joto la El Niño la mwaka 1998 lilipausha na kuua matumbawe mengi ya Kenya na Tanzania, na pamoja nayo mazalia ya samaki wanaotegemewa na wavuvi.

Kwa sababu hiyo hiyo, aliyeshindwa kabisa asiende kumwaga mawe, maji au samaki wake baharini. Mfano upo. Samaki mwenye miba ya sumu wa jenasi ya Pterois, ambaye asili yake ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, alionekana kwa mara ya kwanza karibu na Florida mwaka 1985. Inaaminika kwamba alitoka katika matangi ya wafugaji, na leo ameenea Karibi nzima akila samaki wachanga wa huko.

Kwa anayeanza leo, mambo ya kushika ni manne. Akague kabla ya kuingiza, asikate anachokiona, alishe kwa kiasi, na amuue anemoni wa kwanza siku ile ile anapomwona. Akingoja mwezi mmoja tu, atakuwa anapambana na kundi zima.