Zabibu 12 kwa sekunde 36

Usiku wa tarehe 31 Desemba, uwanja wa Puerta del Sol mjini Madrid hufurika watu, kila mmoja na zabibu zake 12. Saa ya mnara wa hapo, iliyozinduliwa mwaka 1866, huuaga mwaka kwa milio 12, na kila mlio una zabibu yake. (Kwa hesabu yetu ya saa, sita zingetosha.) Anayezimaliza kwa wakati huaminika kuwa amejiwekea bahati ya miezi 12.

Kazi si ndogo. Mlio hufuata mlio kwa sekunde tatu, na zabibu ina ganda na mbegu. Isitoshe, kwanza hulia kengele za robo saa, na hawakosekani wanaodhani ndizo zenyewe wakaanza kutafuna. Madukani huuzwa vikopo vya zabibu 12 zilizokwisha kumenywa na kutolewa mbegu. Madaktari nao huonya kwamba watoto wadogo wasipewe zabibu nzima, maana zinaweza kuwakaba.

Ukiuliza asili yake, utasimuliwa habari za wakulima wa Alicante: mwaka 1909 mavuno yaliwazidi, wakabuni hii bahati ili wauze. Hadithi tamu, ila magazeti ya Madrid yalikuwa yameitaja desturi hiyo tangu miaka ya 1890. Maelezo yenye mashiko zaidi ni ya dhihaka. Matajiri wa Madrid walikuwa wakiwaiga Wafaransa, wakiaga mwaka kwa zabibu na shampeni. Mwaka 1882 halmashauri ya jiji ikawatoza ada waliotaka kushangilia barabarani mkesha wa sikukuu ya Mamajusi. Walalahoi, wakiwa wamenyimwa sherehe yao, wakanunua zabibu na kwenda kuzila hadharani chini ya saa, kuwacheza shere wakubwa.

Kwangu mimi, mchango wa wakulima unavutia zaidi ukiachana na hadithi ya 1909. Kwa kawaida zabibu za Hispania huvunwa mwishoni mwa kiangazi. Desemba ni baridi. Lakini katika bonde la mto Vinalopó, mkoani Alicante, hupandwa aina iitwayo Aledo, inayochelewa kuiva. Tangu miaka ya 1920 wakulima wa huko huvisha kila kichala mfuko wa karatasi kingali mtini, katikati ya kiangazi. Mwanzoni shabaha ilikuwa nondo ambaye viwavi wake hutoboa matunda. Kumbe mfuko ulifanya zaidi: ulizuia ndege na jua kali, ukapunguza kasi ya kuiva, ukaacha ganda jembamba na rangi iliyolingana. Hivyo kichala huweza kubaki mtini hadi Desemba. Mifuko hiyo hufungwa kwa mkono, mmoja mmoja, shamba zima.